Dibaga Ni Mgeni, Si Mwenyeji

Kuna sentensi ambayo siku hizi imekuwa kama methali kati ya waandishi wa programu: "Dibaga haidanganyi." Nimeisikia kwenye mafunzo ya wanaoanza, nimeisikia kazini kwa watu walionitangulia, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia hivyo vijana niliokuwa nawafundisha Python, tena kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Hutamkwa pale kijana anapokutwa amejaza print kila mstari. Mkubwa humsogelea, hutikisa kichwa, kisha humwambia aache mambo ya kitoto: weka breakpoint(), simamisha programu, uiulize yenyewe.

Sentensi hiyo ni ya uongo, na uongo wake una gharama. Tena gharama haimwangukii mvivu. Inamwangukia yule mwenye bidii, aliyeiuliza dibaga swali zuri, akapewa jibu la swali lingine, akaliamini.

Hoja yenyewe

Wanaoitetea dibaga husema hivi. Programu ikisimamishwa katikati ya fanksheni, vigeu vyake viko hai, kila kimoja na thamani yake. Dibaga inakupa mstari wa kuandikia. Utakachoandika hapo kinatathminiwa pale pale programu iliposimama, kwa majina yale yale na thamani zile zile. Ukiuliza usemi ukapata 7, basi programu nayo ingepata 7. Ukiambiwa jina halijulikani, basi halijulikani. Print inakulazimisha kubuni mapema unataka kuona nini. Dibaga inakuacha uulize baada ya kuona. Ndiyo maana tangu toleo la 3.7, lililotoka mwaka 2018, breakpoint() ni fanksheni iliyojengwa ndani ya Python yenyewe, na huhitaji hata kuitaja moduli ya pdb ili kuitumia.

Hoja imepangika. Lakini yote imesimama juu ya maneno mawili, "pale pale". Tuyasukume tuone kama yanahimili.

Kwanza: "Uko pale pale programu ilipo"

Chukua fanksheni hii ndogo, inayochuja mizigo iliyozidi uzito fulani:

    def mizigo_mizito(mizigo, kikomo):
        breakpoint()
        return [m for m in mizigo if m > kikomo]

Iendeshe kwa Python 3.11. Programu inasimama kwenye mstari wa return. Sasa nakili usemi ule ule ulio mbele ya macho yako, herufi kwa herufi, uupe dibaga:

    (Pdb) kikomo
    50
    (Pdb) [m for m in mizigo if m > kikomo]
    *** NameError: name 'kikomo' is not defined

Soma tena. Mstari wa kwanza dibaga inakuambia kikomo ni 50. Mstari wa pili dibaga hiyo hiyo inaapa kwamba hakuna kitu kinachoitwa kikomo. Bonyeza n, programu iendelee, na usemi huo huo unapita bila tatizo. Shahidi asiyedanganya amejipinga mwenyewe ndani ya sekunde mbili.

Sababu yake ni hii. Usione vyaelea, vyaundwa. Python haianzi kutafuta jina ni la nani siku programu inapokimbia. Kompaila inaposoma fanksheni, huamua mapema kila jina ni la ndani, ni la fanksheni inayoizunguka, au ni la moduli. Mchujo ule wa orodha, katika 3.11, ni fanksheni ndogo iliyofichwa ndani ya mizigo_mizito. Kompaila ilipouona ukiwa mahali pake, ilijua kwamba kikomo ni cha mzazi, ikautengenezea njia ya kukifikia.

Usemi ulioandika kwenye dibaga haukuwepo siku hiyo. Umekuja baadaye, peke yake, kama kipande cha maandishi kisicho na ukoo. Dibaga inaukusanya upya kisha inauendesha kwa kuupa makapu mawili: kapu la majina ya moduli na kapu la majina ya ndani. Nyaraka rasmi za Python hazifichi matokeo yake: msimbo ukiendeshwa kwa makapu mawili tofauti, huwa kana kwamba uko ndani ya mwili wa klasi. Na mwili wa klasi haushirikishi majina yake na fanksheni zilizozaliwa ndani yake. Kwa hiyo ukiuliza "kikomo" peke yake, dibaga inatazama kapu la ndani na kukuta 50. Ukikiweka ndani ya mchujo, ile fanksheni ndogo inaruka kapu la ndani, inakwenda moja kwa moja kwenye kapu la moduli, na huko hakuna kitu.

Utauliza: mbona hailalamikii mizigo? Kwa sababu orodha ya kwanza ya mchujo hutathminiwa nje ya fanksheni ndogo, kabla haijaitwa. Na mizigo ikiwa tupu, hakuna kosa lolote: unapewa orodha tupu, unaridhika, unaondoka. Kosa linategemea data uliyokuwa nayo siku hiyo.

Tazama sasa historia ya usemi huu mmoja. Katika Python 2 mchujo wa orodha uliendeshwa papo hapo, hivyo dibaga iliujibu. Python 3 iliupa mawanda yake, yaani eneo lake lenyewe la majina, dibaga ikaanza kuukana. Toleo la 3.12, la mwaka 2023, likaurudisha ndani ya msimbo unaouzunguka kwa ajili ya kasi, kupitia pendekezo namba 709 (PEP 709), na dibaga ikaanza kuujibu tena. Lakini jenereta (si ile ya kukatika umeme, ni ile ya any na sum) haikuguswa, kwa hiyo any(m > kikomo for m in mizigo) iliendelea kukanwa. Maana ya usemi ndani ya programu haikubadilika hata mara moja. Kilichobadilika ni jibu la dibaga, na hakuna aliyekutangazia.

Kwa nini basi wengi huapa kwamba hawajawahi kuliona jambo hili? Kwa sababu mifano ya mafunzo huandikwa nje ya fanksheni yoyote, kwenye moduli tupu. Huko makapu mawili ni kapu moja, na kila kitu kinapita. Mwanafunzi anafundishwa kuogelea kwenye beseni, kisha anaambiwa bahari ni hiyo hiyo.

Pili: "Kama dibaga inaliona jina, programu nayo inaliona"

Hapa kosa linageuka upande wa pili, na ndipo linapouma zaidi. Hapo juu dibaga ilikana kilichopo. Sasa itathibitisha kisichopo.

    ushuru = 18

    def ankara(bei, mwanachama):
        if mwanachama:
            ushuru = 0
        breakpoint()
        return bei + bei * ushuru / 100

Iite fanksheni hii kwa bei ya 1000, mteja asiye mwanachama. Programu imesimama. Uliza:

    (Pdb) ushuru
    18
    (Pdb) bei + bei * ushuru / 100
    1180.0

Safi. VAT imekaa, hesabu imekaa. Bonyeza n. Programu inaanguka kwa UnboundLocalError kwenye mstari ule ule ambao dibaga imetoka kuukokotoa bila kusita.

Kompaila iliona ushuru ukipewa thamani mahali fulani ndani ya fanksheni, ikaamua kwamba katika fanksheni hii nzima, ushuru ni wa ndani. Asiyekuwa mwanachama hapewi thamani hiyo, kwa hiyo kigeu cha ndani kipo kwa jina tu, hakina kitu. Programu inajua. Dibaga haijui uamuzi huo. Yenyewe ina makapu yake mawili tu. Inatazama la ndani, haikuti ushuru, inakwenda la moduli, inakuta 18, inakuletea kwa heshima zote.

Huyu ndiye shahidi tunayewaambia vijana wamwamini kuliko macho yao. Fikiria kijana anayetafuta kwa nini ankara zinaanguka kwa wateja fulani tu. Anasimamisha programu kwenye mstari wenyewe, anauliza usemi wenyewe, anapata 1180.0. Atahitimisha nini? Kwamba mstari huu ni mzima, na hitilafu iko kwingine. Atakwenda kuitafuta kwenye hifadhidata, kwenye mtandao, kwenye toleo la maktaba. Kila hatua anayopiga kutoka hapo ni hatua ya mtu aliyeelekezwa njia kwa ujasiri na mgeni wa mji.

Tatu: "Kilicho kwenye skrini yako kinafikika"

Watetezi husema: soma msimbo uliouzunguka mstari uliosimama, majina unayoyaona hapo ndiyo uliyonayo. Tujaribu.

    def muuzaji(jina, punguzo):
        def bei_mpya(bei):
            breakpoint()
            return bei - punguzo
        return bei_mpya

Fanksheni ya ndani inapoitwa baadaye na kusimama, uliza punguzo: unajibiwa. Uliza jina, lililo mkono mmoja kutoka punguzo, kwenye mstari ule ule wa juu: halijulikani. Bei_mpya haikulitaja jina popote, kwa hiyo kompaila haikulibeba. Muuzaji imeshamaliza kazi na kuondoka, hata kupanda rundo la fremu, yaani la miito inayoendelea, kwa amri ya up hakutakufikisha kwake. Yawezekana thamani yenyewe haipo tena kwenye kumbukumbu.

Hapa dibaga imejibu sawasawa, na bado kauli ya "unachokiona unacho" imeanguka. Kilicho kwenye skrini ni maandishi. Kilichokusanywa ni maandishi yaliyokwisha kupangiwa nani anabeba nini. Dibaga inakuonyesha ya kwanza na kukujibu kutoka kwa ya pili.

Jambo la aina hiyo hiyo liko kwenye klasi. Ndani ya klasi ya Akaunti kuna mstari unaosoma self.__salio. Umesimama juu yake. Unaandika self.__salio kwenye dibaga, nawe unaambiwa kitu hicho hakina sifa inayoitwa __salio. Kompaila, kila inapokutana ndani ya klasi na jina linaloanza kwa mistari miwili ya chini bila kuishia nayo, huligeuza kuwa _Akaunti__salio. Usemi wako haukuzaliwa ndani ya klasi, kwa hiyo haukubatizwa jina hilo. Programu inasema __salio na kumaanisha kitu kimoja. Wewe unasema __salio pale pale na kumaanisha kingine. "Pale pale" gani hiyo?

Nne: "Ukibadilisha thamani, umebadilisha programu"

Hii ni ahadi inayopendwa kuliko zote: simamisha, rekebisha kigeu, endelea uone kama hitilafu imepona. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katika matoleo yaliyotangulia 3.13, fremu ya fanksheni haikukupa vigeu vyake. Ilikupa nakala, picha iliyopigwa wakati ule. Ukibadilisha kitu kwenye fremu uliyosimama juu yake, Python iliirudisha picha ndani ya fremu wakati wa kuendelea, na mambo yakaenda. Lakini panda ngazi moja kwa up, kwa aliyeiita fanksheni yako. Andika kikomo = 10. Uliza kikomo: 10. Shuka kwa down, panda tena, uliza: 50. Au usiulize kabisa, bonyeza c uendelee, na programu itatumia 50 huku wewe ukiwa na uhakika kwamba ni 10. Ulikuwa umeandika juu ya picha. Mwenyewe yuko nyumbani, hana habari.

Kisha yuko yule mjuaji anayesema: tumia amri ya interact, inatatua matatizo ya mawanda. Ni kweli interact inamwaga makapu yote mawili ndani ya kapu moja jipya, kwa hiyo mchujo wa orodha unapita. Lakini kapu jipya maana yake ni jipya. Utakachokipa thamani humo kinafia humo siku unapotoka. Kwa hiyo ukitaka kuuliza maswali magumu, uingie chumba ambacho huwezi kubadilisha kigeu chochote. Ukitaka kubadilisha, ubaki chumba ambacho maswali magumu hukataliwa. Na vyumba vyote viwili tumevipa jina moja: dibaga haidanganyi.

Tano: "Kituo chenye sharti hukuokolea muda"

Sharti kwenye kituo cha kusimama ni fahari ya watumiaji waliobobea. Badala ya kusimama mara elfu, unaiambia dibaga isimame pale tu jambo fulani likiwa kweli.

Nieleze yaliyonikuta. Nilikuwa nashughulikia programu ya ghala moja, usiku, kwa sababu asubuhi ripoti ilikuwa inasubiriwa. Jumla ya mizigo ilikuwa haikubaliani na karatasi za madereva. Nikaweka kituo ndani ya fanksheni ya kupanga shehena, kwa sharti hili:

    (Pdb) b 42, any(m > kikomo for m in mizigo)

Programu ikasimama shehena ya kwanza. Nikaona, aha, ina mzigo uliozidi. Nikaendelea; ikasimama ya pili, ya tatu, ya kumi. Kila shehena. Nikahitimisha kwamba kikomo kimesomwa vibaya kutoka kwenye faili, kikawa kidogo mno kiasi kwamba kila kitu kinakizidi. Nikaingia kwenye msimbo wa kusoma faili. Nilikaa humo mpaka jogoo wa kwanza.

Kikomo kilikuwa sawa tangu mwanzo. Sharti langu lilikuwa jenereta, jenereta ina mawanda yake, na dibaga huitathmini kwa eval ya makapu mawili. Kila mara ilikuwa ikitoa NameError. Na moduli ya bdb, ambayo pdb imejengwa juu yake, imeagizwa hivi: sharti likishindwa kutathminiwa, simama, kwa kuwa kusimama ni salama zaidi. Haisemi kwamba sharti limeshindwa. Inasimama tu, sawasawa na inavyosimama sharti likiwa kweli.

Watasema uamuzi huo una busara: heri kusimama bure kuliko kupitiliza. Labda. Lakini mlinzi wa geti anayefungua geti kwa kila mtu ambaye hakumwelewa, kisha asiseme kwamba hakuelewa, huwezi kumwita makini. Kilichonipoteza si kule kusimama. Ni ule ukimya, pamoja na imani niliyokwenda nayo kwamba ikisimama ina sababu niliyoipa.

Niongeze dogo kabla sijavuka. Ukiwa na kigeu kinachoitwa n, jaribu kukiuliza kwa kuandika n. Programu itasogea mstari mmoja mbele, maana n ni amri ya kusogea. Andika list(mizigo), nayo itadhani unataka kusoma msimbo, kwa sababu list pia ni amri. Dibaga ina mawanda ya tatu, ya amri zake, nayo yanatangulia yako. Alama ya mshangao mbele ya usemi inaokoa, kwa anayekumbuka.

Sita: "Hayo ni ya zamani, sakinisha toleo jipya"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila nikifika hapa, kwa hiyo nalo nilijibu. Ni kweli toleo la 3.13, la Oktoba 2024, limefanya kazi kubwa. Kupitia pendekezo namba 667, ambalo Mark Shannon ni mmoja wa waandishi wake, vigeu vya fremu si picha tena. Ukiandika, umeandika kwenye fremu yenyewe. Na pdb ya toleo hilo inajibu michujo na jenereta ukiziandika kwenye mstari wake.

Lakini angalia inavyozijibu. Ikigundua kwamba usemi wako una fanksheni ndani yake, inatunga fanksheni ya bandia, inayapanga majina yako ya ndani humo kama vigeu vyake, inaweka usemi wako ndani ya fanksheni nyingine iliyo ndani ya hiyo, kisha inaiendesha. Yaani ili usemi wako uwe "pale pale", imebidi ijengwe nyumba ya maigizo inayofanana na nyumba yenyewe. Sina ugomvi na fundi, amejenga vizuri. Nina ugomvi na anayeutazama ujenzi huo kisha aendelee kuniambia kwamba hakuna ukuta kati ya dibaga na programu. Usingekuwepo ukuta, maigizo yangekuwa ya nini?

Na nyumba ya maigizo haina kila chumba. Rudia mfano wa ushuru kwenye 3.13: usemi ule hauna fanksheni ndani yake, unapitia njia ya kawaida, na utajibiwa 1180.0 kama zamani, kabla programu haijaanguka kama zamani. Rudia mfano wa muuzaji: jina bado halijulikani, wala hakuna toleo litakalolileta, kwa kuwa uamuzi ulishafanywa kabla ya dibaga kufika.

Zaidi ya hayo, "sakinisha jipya" ni ushauri wa mtu anayefanyia kazi kwenye kompyuta yake. Hitilafu hutokea kwenye seva. Ubuntu 22.04 ilikuja na Python 3.10, Debian 12 ilikuja na 3.11, Ubuntu 24.04 na 3.12. Mashine hizo ziko kazini leo. Kijana anayeruka kutoka mashine moja hadi nyingine atapata majibu yanayopingana kwa swali moja, na methali tuliyompa haimwambii hata kwamba aangalie namba ya toleo.

Saba: "Basi unataka turudi kwenye print?"

Wakiishiwa hoja hubaki na kicheko hiki. Print, ile wanayoiita ya wanaoanza, ina sifa moja ambayo dibaga haiwezi kuinunua: inakusanywa pamoja na fanksheni. Inakaa ndani ya nyumba. Kwenye mfano wa ushuru, print(ushuru) ingeanguka kwa kosa lile lile, mlangoni mwa mstari wa hitilafu yenyewe, na safari ya kwenda hifadhidata isingekuwepo. Ndani ya Akaunti, print(self.__salio) ingechapisha salio. Nayo ina hila yake: ukiweka print(jina) ndani ya bei_mpya, kompaila sasa italibeba jina, kwa hiyo umebadilisha kile ulichokuja kukitazama. Lakini umekibadilisha waziwazi, kwa mstari unaoonekana na unaoweza kufutwa.

Atakayeendelea kutumia dibaga, na mimi nimo, aibadilishe namna ya kuiuliza. Uliza majina matupu, moja moja. Kabla hujaamini jina la ndani, uliza kama limo kwenye kapu la ndani:

    (Pdb) 'ushuru' in locals()
    False

Neno hilo moja lingetosha kumrudisha yule kijana wa ankara njiani. Ukitaka kujua kompaila iliamua nini, isome yenyewe: ankara.__code__.co_varnames itakuonyesha ushuru kati ya majina ya ndani, na co_freevars ya bei_mpya itakuonyesha punguzo peke yake, bila jina. Usemi ukiwa na mchujo, jenereta au lambda, uandike ndani ya fanksheni kama mstari wake, upe jina, kisha liulize jina hilo. Na sharti la kituo, kama si la kulinganisha vitu viwili tu, litoe kwenye dibaga uliandike kwenye msimbo: if, sharti lako, kisha breakpoint() chini yake. Likishindwa hapo, litapiga kelele.

Wanaofundisha wana jukumu zaidi. Acheni kuonyesha dibaga kwenye moduli tupu. Fungueni somo la kwanza kwa ile fanksheni ya mistari mitano ya ankara, waacheni wanafunzi waulize, wapate 1180.0, wabonyeze n. Atakayeliona hilo siku ya kwanza hatahitaji methali.

Jumla ya mizigo kule ghalani ilikuwa inakosewa na mstari mmoja uliohesabu shehena ya mwisho mara mbili. Niliupata asubuhi, kwa print.